Mwali Usio na Rangi: Jinsi Metali Zilivyotambuliwa kwa Moto Huko Heidelberg

Kwamba chumvi ya metali ikitiwa motoni huupa mwali rangi ni jambo lililojulikana zamani, kwani Andreas Sigismund Marggraf, mwanakemia wa Berlin, alikwisha kupambanua katikati ya karne ya 18 chumvi za sodiamu na chumvi za potasiamu kwa kutazama tu namna zilivyowaka, zile kwa manjano na hizi kwa urujuani. Lakini kuiona rangi mbali, na kuifanya rangi kuwa shahidi wa kutegemewa mbali. Na baina ya mambo hayo mawili ilipita karibu karne nzima, mpaka Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff walipoishika kazi hiyo huko Heidelberg, Ujerumani, wakaitimiza kati ya 1855 na 1861. Nikiichambua kazi yao hatua kwa hatua naona ustadi wake mkubwa umo katika kuondoa: mwanga wa moto wenyewe uliondolewa, uchafu wa chombo ukaondolewa, na mwisho hukumu ya jicho juu ya rangi nayo ikawekwa kando.

Tuanze na moto. Mwali wa mshumaa au wa taa ya mafuta una manjano yake wenyewe, yatokanayo na chembe za masizi zinazong'aa kwa joto, na mtu atakaye kutambua urujuani hafifu wa potasiamu katika mwali wa namna hiyo anajisumbua bure. Mwali wa spiriti una nuru haba, lakini joto lake nalo ni haba. Bunsen alifika Heidelberg mwaka 1852, na maabara mpya aliyojengewa ilipokuwa ikikamilika, gesi ya makaa ya mawe ilikuwa imekwisha kuingia mjini kwa ajili ya taa, naye akataka ifike mpaka kwenye meza za kazi. Fundi wa chuo kikuu, Peter Desaga, ndiye aliyemtengenezea kichomeo alichokikusudia: gesi hutoka kwa kasi katika kitundu chembamba chini ya bomba, na kwa kasi hiyo huvuta hewa kupitia matundu ya ubavuni, hata mchanganyiko ufikapo kinywani mwa bomba huwa umekwisha kupata oksijeni ya kuuwezesha kuwaka bila masizi. Matokeo yake ni mwali mkali wa joto ambao hauna rangi ila usamawati kidogo katikati, na ambao kwa hiyo hausemi neno lolote mpaka usemeshwe.

Kisha chombo. Waya mwembamba wa platini, uliokunjwa ncha ikawa kitanzi kidogo, huchovywa katika asidi ya haidrokloriki na kutiwa motoni, ukachovywa tena na kurudishwa tena, mara nyingi kama itakavyohitajiwa, mpaka mwali usigeuke hata kidogo. Ndipo kitanzi kiguswe kwenye asidi, kisha kwenye unga wa chumvi, kisha kwenye ukingo wa mwali mahali penye joto kuu. Asidi hii ina kazi mbili, na ya pili husahauliwa mara nyingi: fauka ya kusafisha waya, hugeuza chumvi iwe kloridi, na kloridi za metali hizi aghalabu hupanda kuwa mvuke kwa wepesi kuliko salfeti au kaboneti zake. Kama mambo yote yamekwenda sawa, litiamu na strontiamu huonyesha wekundu mkali, kalsiamu wekundu wa tofali, bariamu kijani hafifu, shaba kijani chenye samawati ndani yake, na potasiamu urujuani unaopita kwa sekunde chache tu, hata mwenye kupepesa macho huenda akaukosa.

Husemwa kwamba kwa njia hii tunatambua ioni, na usemi huo ni wa haki kwa kuwa ndani ya chumvi metali imo katika hali ya ioni. Lakini nuru yenyewe aghalabu haitoki kwa ioni. Katika joto la mwali ioni ya sodiamu hujipatia elektroni iliyoipungukia na kuwa atomu ya mvuke, kisha joto huipandisha elektroni ya nje daraja moja juu, nayo irudipo chini hutoa nishati ile kwa sura ya nuru, ambayo kwa sodiamu ni manjano yenye urefu wa mawimbi wa nanomita 589. Mintarafu ya kalsiamu na bariamu, sehemu kubwa ya rangi hutoka kwa molekuli ziundwazo mle mle motoni, metali ikiwa imeungana na oksijeni na haidrojeni. Na magnesiamu haionyeshi rangi yoyote, maana nuru yake kuu imo ng'ambo ya urujuani, ambako jicho la binadamu halifiki. Moto ukinyamaza, basi, haifai kuhukumu kwamba metali haimo.

Sodiamu ndiyo iliyowatesa watu katika sanaa hii. Imo katika chumvi ya bahari, imo katika jasho la kidole kilichoshika waya, imo katika vumbi la hewani; chembe ya magadi kutoka Ziwa Magadi au Ziwa Natron hutosha kuujaza mwali manjano, na yakishaingia manjano hayo, urujuani wa potasiamu hufunikwa wote. Dawa ya kwanza ilikuwa kuutazama mwali kupitia kioo cha buluu chenye kobalti au kupitia maji ya nili, ambavyo huyameza manjano na kuuacha urujuani upite, na katika maabara ya Bunsen njia hiyo ilitumiwa kwa bidii kubwa. Ni njia njema, tena ingali ikitumika shuleni hata leo, ila ina mpaka wake: mchanganyiko wa chumvi nne au tano huishinda.

Hapo ndipo Kirchhoff, mwanafizikia, alipotoa shauri mwaka 1859 kwamba badala ya kuichuja nuru kwa vioo vya rangi ipitishwe katika prizimu na kutawanywa. Chombo chao cha kwanza kilikuwa sanduku lililopakwa weusi ndani, lenye darubini mbili ndogo ubavuni. Moja ilitolewa kioo cha kutazamia, mahali pake pakatiwa ufa mwembamba kati ya kingo mbili za shaba nyeupe, na katikati ya sanduku ikasimamishwa prizimu yenye uwazi ndani, iliyojazwa disalfidi ya kaboni, kimiminiko kinachoupinda mwanga kwa nguvu. Nuru ya mwali ikiingia kwa ufa huo haionekani tena kuwa rangi moja, bali mistari myembamba, na kila metali ina mistari yake isiyohama. Strontiamu na litiamu, ambazo jicho tupu huzichanganya, huachana kabisa, madhali mistari yao haikai pahali pamoja.

Jaribio lao nilistahilo kuliko yote ni lile la kupima wepesi wa chombo hicho kuhisi. Walilipua miligramu 3 za kloreti ya sodiamu iliyochanganywa na sukari ya maziwa katika pembe iliyo mbali kabisa na chombo, katika chumba cha mita za ujazo 60 hivi. Baada ya dakika chache mwali uligeuka manjano na mstari wa sodiamu ukatokea, usipotee ila baada ya dakika kumi. Kwa hesabu yao, kiasi kilichoonekana kilikuwa chini ya sehemu moja katika milioni 3 ya miligramu moja. Kero ya manjano iliyowasumbua waliowatangulia iligeuzwa hapo kuwa kipimo.

Mwaka 1860 Bunsen aliyachunguza maji ya chemchemi ya Dürkheim. Alipokwisha kuondoa kalsiamu, strontiamu, magnesiamu na litiamu, tone lililobaki lilionyesha mistari miwili ya buluu iliyo karibu karibu, isiyo ya metali yoyote iliyojulikana. Dalili ile haikumtosha. Alitaka kitu kinachopimika kwa mizani. Zilichemshwa kilo 44,200 za maji, na masalio yakachekechwa kwa kutumia kloridi ya platini, ambayo huizamisha metali hiyo mpya kwa uthabiti kuliko potasiamu, hata zikapatikana gramu 7 hivi za kloridi yake, na metali yenyewe akaiita sezi kwa neno la Kilatini lenye maana ya buluu ya mbingu. Mwaka uliofuata, katika jiwe la lepidolaiti la Saxony, ikapatikana rubidi, yenye mistari ya wekundu mzito.

Njia hiyo ikafika pia mikononi mwa wengine. Kule Freiberg, mwaka 1863, Ferdinand Reich alikuwa akitafuta metali iitwayo thali katika mawe ya zinki, lakini macho yake hayakuweza kubainisha rangi, kwa hiyo alimwomba msaidizi wake, Theodor Richter, atazame kwa niaba yake. Richter hakuuona mstari wa kijani wa thali waliokuwa wakiutazamia. Aliona mmoja wa rangi ya nili, pahali ambapo hapakuwa na mstari wa metali yoyote iliyokwisha kuandikwa, na kwa ajili ya nili hiyo metali wakaiita indi.