Pongezi kwa Waongozaji wa Watazamaji Ndege wa Arabuko-Sokoke

Machi, kabla ya masika, ndege wahamao katika hori la Mida, pwani ya Kenya, huanza kuvaa manyoya ya kuzalia, tayari kurudi kaskazini. Hao hata mgeni mwenye darubini atawaona, maana maji yakipwa matope huwa wazi. Kipimo halisi cha mwongozaji kiko ng'ambo ya barabara kuu, katika msitu wa Arabuko-Sokoke wenye kilomita za mraba 420 hivi. Humo analala bundi wa Sokoke, kijindege cha sentimita 16, amejibanza kichakani mchana kutwa na rangi yake ni ya majani makavu. Wanasayansi wenyewe walimtambua miaka ya 1960 tu.

Husemwa kwamba siku hizi programu ya simu hutambua mlio wa ndege yeyote. Sawa, lakini bundi aliyelala halii. Mwongozaji ndiye hupenya miibani alfajiri, akikagua tawi baada ya tawi, kisha akamleta mgeni kimyakimya. Hoja nzito zaidi ni kwamba wageni huwasumbua ndege, na ni kweli, hasa milio iliyorekodiwa inapochezwa ovyo. Ila mwongozaji hodari anajua wakati wa kurudi nyuma, kwani riziki yake inamtaka bundi huyo awepo palepale kesho.