Kabla ya Brashi Kugusa Ukuta

Katika kanisa la Tosamaganga, kama ilivyo katika parokia nyingi za Kikatoliki nchini, matangazo husomwa Misa ikielekea ukingoni, watu wamekwisha kukomunika na watoto wameanza kuchoka. Majina ya wachumba wanaotarajia kufunga ndoa, zamu ya jumuiya kufanya usafi, mchango wa ujenzi, mkutano wa wanawake wa WAWATA. Kazi hii huonekana ndogo mpaka umsikie msomaji anayeijua. Hana haraka. Jina la kigango hulitaja mara mbili, maana anajua bibi aliyekaa benchi la nyuma ametembea kutoka huko. Tarehe haiachi peke yake, huifuatanisha na siku ya juma, kwa kuwa wengi wanahesabu kwa siku ya gulio. Akishuka, watu wanatoka wakijua la kufanya.

Nimeanzia kanisani kwa sababu N. W. Ayer & Son, moja ya kampuni za matangazo zilizodumu kuliko nyingi nchini Marekani, ilianzia jirani na hapo, katika magazeti ya dini. Mwaka 1869, mjini Philadelphia, kijana Mbaptisti aitwaye Francis Wayland Ayer, aliyekuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 21, alifungua ofisi ya kuuza nafasi za matangazo kwenye magazeti hayo. Mtaji wake ulikuwa dola 250. Kwa umri ule hakuna mfanyabiashara ambaye angemkabidhi fedha zake, kwa hiyo kampuni aliipa jina la baba yake, Nathan Wheeler Ayer, mwalimu wa shule.

Wakala wa matangazo wa enzi hizo alikuwa dalali kamili. Alinunua nafasi gazetini kwa bei anayoijua mwenyewe, akamuuzia mwenye bidhaa kwa bei aliyoona itapita, na kilichobaki katikati kikawa chake. Mkulima wa viazi wa nyanda hizi aliyewahi kushindiliwa lumbesa hahitaji kuelezwa biashara ya namna hiyo. Katikati ya miaka ya 1870 Ayer akaivunja desturi hiyo kwa mkataba wa wazi: mteja aonyeshwe bei halisi iliyotozwa na gazeti, kisha alipe kamisheni iliyokubaliwa, mwanzoni asilimia 12.5, baadaye 15. Nadhani ufundi wote uliofuata katika ile nyumba ulitokana na uamuzi huo. Anayeishi kwa kuficha bei hana sababu ya kujali kama tangazo limeandikwa vizuri au vibaya. Aliyekwisha kuifichua hana kingine cha kuuza isipokuwa kazi yake.

Na kazi yenyewe haikuanza kwa maneno. Mwaka 1879 walikuwa wakiitafuta biashara ya Nichols-Shepard, watengenezaji wa mashine za kupura nafaka. Badala ya kukaa mezani kutunga sifa za mashine, Ayer walituma telegramu kwa maofisa wa majimbo na kwa wachapishaji wa magazeti nchi nzima, wakiuliza wapi panatarajiwa kuvunwa nafaka, na kiasi gani. Majibu yalipangwa wilaya kwa wilaya, ndipo ikajulikana tangazo liende kwenye gazeti lipi. Wanahistoria wa biashara huutaja kama utafiti wa kwanza rasmi wa soko. Kwa mtu wa Iringa jambo hilo halina mafumbo: mashine ya kupukuchua mahindi hutamtangazia mchuma chai wa Mufindi wakati mnunuzi wake yuko Ismani. Lakini ilibidi kwanza apatikane mtu wa kuona kwamba kuuliza ni sehemu ya kuandika.

Hilo la kuuliza kwanza nimelishuhudia kwa karibu kwenye kuta za maduka, njiani kutoka Iringa mjini kuja huku. Zipo kuta zilizopakwa rangi za kampuni za simu, zote sawasawa, na zipo zile zilizoandikwa kwa mkono na fundi mmoja mmoja: PEMBEJEO ZA KILIMO, SALUNI YA KIKE, MGAHAWA, na mara nyingine KAMWENE, salamu ya Wahehe, juu ya mlango. Fundi wa mabango ninayempenda kuliko wote hapandi ngazi siku anayoitwa. Anavuka barabara na kusimama ng'ambo. Anamtazama aliyepakiwa kwenye bodaboda, ambaye ana muda wa kusoma maneno mawili tu. Anamtazama mama anayepanda mlima na ndoo kichwani, ambaye ana muda mwingi zaidi, ila macho yake yako chini kwa sababu ya mzigo. Anasogea hatua kadhaa kushoto, anarudi. Ndipo anaingia dukani, anaamkia, anauliza kinachouzwa sana.

Mwenye duka hutaka viandikwe vyote: soda, mkate, sukari, vocha, mafuta ya taa, mbegu, mbolea. Ndiye anayelipa, na kila bidhaa aliitolea fedha. Hapo fundi anahitaji adabu kuliko brashi. Hamkatalii. Anamwomba mama mwenye duka amtajie kitu kimoja ambacho mtu wa kijiji cha pili angeacha duka la kwao akakifuata hapa. Mama anafikiri, kisha anataja mbegu. Basi mbegu itaandikwa kubwa, na vingine vitapata mstari mmoja mwembamba pembeni, au visipate kabisa.

Kisha ukuta. Vumbi hukwanguliwa, nyufa huzibwa, rangi ya chini hupigwa mkono wa kwanza na wa pili. Futi mbili za chini hupakwa rangi nzito, nyeusi au ya damu ya mzee, kwa sababu masika yakifika matone yatarusha udongo mwekundu ukutani, na tangazo lililoshuka mno litakuwa limeliwa na matope kabla ya Pasaka. Uzi uliopakwa chaki unavutwa kutoka pembe hadi pembe, unanyanyuliwa na kuachiwa, unaacha mstari. Pimamaji ipo, lakini haipewi neno la mwisho. Ikiwa bati la paa limelala upande, mstari ulionyooka kwa pimamaji utaonekana umepinda, na mpita njia atamlaumu mwandishi, paa halimsumbui. Fundi anatafuta mstari wa katikati, kati ya ukweli wa pimamaji na ukweli wa macho. Sijapata kuona akiukosa.

Herufi anazianzia katikati ya neno kwenda pembeni, ili neno lisibanwe upande mmoja na kuachwa wazi upande mwingine. I hula nafasi ndogo, M na W hula kubwa. A ndiyo inayomsumbua, na maneno yetu yamejaa A. Imechongoka juu na kutanuka chini, kwa hiyo katika neno kama DAWA au SALAMA rula ikigawa nafasi sawa, neno litaonekana lina mapengo. Anazisogeza A kwa jicho, akirudi nyuma na kusonga mbele, mpaka mianya ionekane sawa ingawa rula ingebisha. Mkono wa kushoto umeshika fimbo iliyofungwa kitambaa kichwani, imeegemezwa ukutani, na kiganja cha kulia kimelala juu yake kisitetemeke. Pigo la brashi ni moja, kutoka juu hadi chini, bila kusita njiani. Ukisita, pale uliposita patavimba na kila mtu atapaona. Juni na Julai, baridi ya Iringa ikiwa kali, rangi ya mafuta huwa nzito asubuhi na kuongeza tina kupita kiasi huifanya itiririke, kwa hiyo husubiri jua liupashe ukuta. Kuna siku hiyo ndiyo kazi yake yote hadi saa nne: kusubiri.

Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na wapo wanaoitumia methali hiyo kuidharau kazi nzima ya matangazo. Kisa cha chumvi ya Morton kinanifanya nisite. Kampuni ya Morton ya Chicago ilianza mwaka 1911 kuchanganya magnesi kaboneti katika chumvi yake ili isigande wakati wa unyevu. Kilikuwa kitu kizuri, lakini nani angelijua hilo kwa kulitazama boksi dukani siku ya jua? Ayer waliwapelekea matangazo kumi na mawili, pamoja na matatu ya akiba. Lililomvutia Sterling Morton wa kampuni ya chumvi lilikuwa miongoni mwa yale ya akiba: msichana chini ya mwavuli, mvua inanyesha, amebeba chumvi kwapani na inamwagika nyuma yake bila yeye kujua. Maneno yalitafutwa yakapatikana katika msemo wa zamani wa Kiingereza kuhusu mvua na mikosi, wakaugeuza kidogo tu, ukawa ahadi kwamba hata siku ya mvua chumvi hii itamiminika. Msichana huyo ametumika tangu 1914 na bado yuko kwenye boksi. Anachofanya ni kuonyesha kitu ambacho jicho la mnunuzi lisingekiona lenyewe.

Mkono huo huo ulitangaza pia sigara za Camel, na kwa ustadi uleule. Sioni namna ya kulisifu hilo.

Mtu wa Ayer ninayemfikiria zaidi ni Frances Gerety, mwandishi aliyeajiriwa mwaka 1943, wakati ambapo wanawake katika kampuni hizo walikuwa wachache na walipewa bidhaa za wanawake. Alipewa De Beers, wafanyabiashara wa almasi waliokuja kwa Ayer mwaka 1938. Kwa miaka 25 matangazo yao aliyaandika yeye. Mzigo wake haukuwa wa kawaida, kwani tangazo halikumwelekeza msomaji duka wala halikumtajia aina ya pete. Lilitakiwa kumfanya aone kwamba jiwe na ndoa ni kitu kimoja. Usiku mmoja wa mwaka 1947, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, alikuwa amemaliza matangazo ya msimu akagundua hajaweka sahihi ya kuyafunga. Alikuwa amechoka. Aliinamisha kichwa, akamwomba Mungu, akaandika kwamba almasi ni ya milele, akaenda kulala. Asubuhi wenzake ofisini walinung'unika kuwa sentensi ile haikukaa sawa kisarufi. Ilipita hata hivyo.

Watu hukisimulia kisa hicho kama muujiza wa usiku mmoja. Mimi nakiona tofauti. Aliyeinamisha kichwa usiku ule alikuwa na miaka minne ya kuandika juu ya kitu kimoja, kwa watu walewale, ndani ya nyumba iliyokuwa imewahoji watu kuhusu almasi, uchumba na fedha. Fundi wa mabango naye huvuta herufi kwa pigo moja la muda mfupi sana, na asiyekuwapo asubuhi angeweza kudhani ndiyo kazi yote.

Mwaka huohuo wa 1947, katika mgodi wa Mwadui, Shinyanga, uliogunduliwa mwaka 1940 na mwanajiolojia wa Kanada John Williamson, ilipatikana almasi ya waridi ya karati 54.5. Williamson aliitoa zawadi ya harusi kwa Princess Elizabeth wa Uingereza. Ilikatwa London, ikabaki karati 23.6, na baadaye ikawekwa katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Williamson alipofariki mwaka 1958, mgodi ulinunuliwa na De Beers pamoja na serikali ya Tanganyika. Hivyo sentensi ya Gerety iliuza pia mawe yetu, ingawa waliochimba hawamo ndani yake. Ina kazi nyingine ambayo ni vizuri itajwe: mwenye kuamini kwamba jiwe ni la milele hatalirudisha sokoni, na soko lisilorudishiwa mawe hulinda bei. Nalijua hilo, na bado kila nikiitazama sentensi naona haina neno la kupunguza.

Gerety hakuolewa. Alifariki mwaka 1999, majuma machache tu baada ya jarida la biashara hiyo, Advertising Age, kuitangaza sentensi yake kuwa kaulimbiu bora ya karne. Ayer walikuwa wamehamia New York mwaka 1973, na mwaka 2002 kampuni ikafungwa. Jengo lao la ghorofa 13 la Philadelphia, lililokamilika 1929, sasa ni makazi ya watu, na nyaraka zao zinatunzwa na makumbusho ya Smithsonian. De Beers bado wanaitumia sentensi.

Huku kwetu kilichokuja ni bango la fleksi. Mjini linachapishwa kwa siku moja, lina picha ya rangi zote, na mwenye duka mwenye haraka hana kosa kulichagua. Lakini upepo wa vilima hivi hulishika pembe, jua hunywa rangi nyekundu kwanza, na baada ya misimu michache linabaki shuka la buluu lililochanika. Ndiyo maana fundi bado anaitwa, na ana kijana anayejifunza kwake. Kijana huyo anakwangua kuta, anachanganya rangi, anapaka ule ukanda mweusi wa chini, anavuta uzi wa chaki. Jina la duka haligusi. Maandishi ya kwanza aliyokabidhiwa ni ya bei ya mbolea kwenye ubao kando ya mlango, kwa kuwa bei hufutwa na kuandikwa upya kila msimu, na mkono wake unapata nafasi nyingine.