Baridi ya Martin Hannett

Wengi wakisikiliza Unknown Pleasures leo husikia kifo cha Ian Curtis. Albamu hiyo ya Joy Division, bendi ya roki ya Uingereza, ilitoka Juni 1979. Curtis alijiua Mei 1980, akiwa na miaka 23. Basi tunaamini kwamba ule upweke, zile sauti kama za ndani ya ghala tupu, ni moyo wake. Mashairi, ndiyo. Lakini baridi ile ni kazi ya prodyuza.

Jukwaani walikuwa watu wa kelele, gitaa likiunguruma. Martin Hannett alipokuwa nao Strawberry Studios, mjini Stockport, aliivunjavunja kelele hiyo. Alitaka kila ngoma isikike peke yake, hivyo Stephen Morris akalazimika wakati mwingine kupiga ngoma moja moja. Hannett akazipitisha kwenye mashine ya kuchelewesha sauti. Akarekodi hata mlio wa lifti. Gitaa akalisukuma nyuma.

Bernard Sumner na Peter Hook hawakuipenda. Walitaka ile nguvu ya jukwaani. Nawaelewa, muziki ni wao. Ila rekodi za maonyesho yao zipo, zisikilize: ni kali, na zinafanana na za bendi kadhaa za punk za wakati ule. Albamu haifanani na kitu.

Kinachonisumbua ni kingine. Mwaka mzima kabla ya msiba, Hannett alikwishamweka Curtis mbali, sauti ikitufikia kana kwamba inatoka chumba cha pili. Sisi tumeuchukua umbali huo wa mitambo, tukauita utabiri.