Ashua hakusaliti mapambano, alikuwa na watoto wa kulisha

Mtahiniwa yeyote aliyefanya KCSE kati ya 2018 na 2022 anamjua Ashua. Ni mke wa Sudi katika tamthilia ya Kigogo (2016) ya Pauline Kea, na akiulizwa sifa zake katika mtihani, jibu huwa tayari kwa ghibu: Ashua hana msimamo, ana wivu, ni kikwazo kwa ukombozi wa Sagamoyo. Alama mbili, swali linalofuata.

Wengi wa watahiniwa hao ndio waliojaa barabarani Juni 2024 kuupinga Mswada wa Fedha. Sithubutu kudai kwamba tamthilia ndiyo iliyowatoa nyumbani. Hofu ya mkate kutozwa ushuru ilitosha. Lakini kizazi kilichomsoma Tunu darasani kisha kikajikuta kinavuta moshi wa vitoa machozi kina haki ya kurudi kwenye vitabu hivyo na kuuliza kama vilikieleza ukweli wote. Mimi naona vilieleza nusu, na nusu iliyobaki imo katika kinywa cha Ashua tunayempa alama mbili.

Tukumbushane kisa. Majoka, kiongozi wa Sagamoyo, amelifunga Soko la Chapakazi. Anamtaka Sudi, mchongaji, amchongee kinyago cha shujaa kwa ajili ya sherehe za uhuru, na Sudi hataki. Kenga, mshauri wa Majoka, anawaletea wachongaji kipande cha keki ya sherehe hizo. Boza na Kombe wanakila. Sudi anakikataa kwa kuwa kwake ni makombo. Darasa zima humpigia makofi Sudi hapo, na kwa kweli anastahili. Hebu tuulize lakini: siku hiyo nyumbani kwa Sudi kulipikwa nini?

Ashua ndiye anayelijua jibu. Soko limefungwa, mume kakataa kazi ya kuchonga, na watoto hawajui maana ya msimamo wa kisiasa. Wanajua sufuria. Ndipo mama huyu anapofunga safari hadi ofisini kwa Majoka kuomba msaada, anaingia katika mtego, wanavaana na Husda, mke wa kigogo, na mwisho wa yote ni Ashua anayebaki korokoroni. Masharti ya kumwachilia ni yale yale ya awali, yaani Sudi achonge kinyago. Sudi anapokwenda kumwona, mkewe hamwambii ashikilie uzi huo huo. Anadai talaka.

Nimeusoma mwongozo baada ya mwongozo unaoliita tukio hili udhaifu wa Ashua. Tulitazame upya. Mwanamke yuko ndani ya seli ya Majoka, lakini anayemtaka amfungue ni mumewe. Kwake yeye, vifungo ni viwili, na cha pili ni kuolewa na mtu ambaye heshima yake inalipiwa na tumbo la mtoto. Mtu anaweza kubishana naye. Mimi mwenyewe ningebishana naye. Hata hivyo hakuna hotuba ya Tunu, na Tunu ana hotuba nzuri, inayomjibu Ashua. Majoka hakumhitaji Sudi ndani. Alijua kwamba mwanamume anayeweza kustahimili njaa yake mwenyewe aghalabu hawezi kustahimili ya wanawe. Hiyo ndiyo elimu ya dikteta, na Bi. Kea ameionyesha kwa ustadi mkubwa.

Kosa langu na mtunzi ni moja tu: anaondoka hapo mapema mno. Maandamano yanatuita, umati unakusanyika langoni mwa soko, na mgogoro wa ndoa ile unafunikwa na vifijo.

Ukiwatazama kwa makini mashujaa vijana wa fasihi yetu, utagundua jambo la ajabu kidogo. Waandishi huwapunguzia jamaa kwanza, kisha ndipo wanawatuma vitani. Tunu hana mume wala mtoto. Babake alifia katika kampuni ya Majoka, na aliyebaki ni mamake, Hashima. Katika Kidagaa Kimemwozea (2012) ya marehemu Ken Walibora, Imani amempoteza baba na mama, na nyumba yao imeteketezwa. Amani naye, babu yake ameuawa na ami yake amefungwa kwa kosa la kusingiziwa. Watu hawa wawili wanakutana wakiwa hawana cha kupoteza isipokuwa roho zao, na mtu wa namna hiyo ni rahisi kumwandika akiwa jasiri. Nani atamtisha, na kwa kumshikia nani?

Walibora alikuwa fundi, kwa hiyo nadhani aliliona pengo hilo. Kitoto kichanga kinaachwa mlangoni pa kibanda cha Amani. Vijana wanakilea na kukiita Uhuru. Kwa mara ya kwanza wana kitu kinachofanana na familia, na papo hapo serikali inapata mahali pa kuwashika: mtoto anaugua, hospitali haimhudumii, anafariki, na walezi wanatiwa mbaroni kwa tuhuma za kumuua. Kwamba mtoto huyo alikuwa damu ya Mtemi Nasaba Bora mwenyewe ni uchungu juu ya uchungu. Wanafunzi hufundishwa kwamba kifo hicho ni ishara ya uhuru uliofia mikononi mwa viongozi. Sawa, ishara ipo. Ila kabla ya kuwa ishara, kile ni kitoto kilichonyimwa dawa, na vijana wawili wameonjeshwa gharama ya kumpenda mtu chini ya utawala wa Mtemi.

Riwaya hiyo hiyo ina mtu ninayemthamini kuliko wengine wote, naye ni Madhubuti, mwana wa Mtemi. Amesoma Urusi, amerudi, na nafasi aliyotengenezewa na jina la babake anaikataa. Anaungana na Amani, mchungaji wa ng'ombe wa babake. Kumpinga mtawala asiyekujua ni jambo moja. Kumpinga aliyekulipia karo, aliyekubeba mgongoni, ambaye mamako bado anamwandalia chakula, ni jambo jingine kabisa. Katika jamii zetu ambamo radhi ya mzazi si neno la mzaha, uamuzi wa Madhubuti unastahili kurasa nyingi kuliko alizopewa. Ningependa kumsikia usiku, akiwa peke yake, akijiuliza kama anamchukia Mtemi au baba.

Vigogo nao wanaujua uzito wa ujamaa. Majoka anamtaka Tunu aolewe na mwanawe, Ngao Junior. Ati mpinzani awe mkaza mwana! Ni ujanja wa kale: adui usiyeweza kumnyamazisha, mfanye mkwe, maana mkwe ana adabu zake. Katika Nguu za Jadi (2021) ya Clara Momanyi, ambayo watahiniwa wa sasa wanaisoma, mbinu ni kinyume chake. Mangwasha ana mume, Mrima, na wenye nguvu wanamzamisha Mrima katika pombe na vijipesa hadi anaitelekeza nyumba yake. Tunu alazimishwe ndoa, Mangwasha avunjiwe ndoa. Mkono ni ule ule.

Linalonisumbua zaidi ni miisho. Majoka anamwamuru Kingi, mkuu wa polisi, aufyatulie umati risasi, naye Kingi anakataa. Kenga anamkimbia bwana wake. Mtemi Nasaba Bora anajiua, na Amani anawagawia ardhi waliodhulumiwa. Sina ugomvi na ndoto; tamthilia ina ruhusa ya kumwonyesha askari jinsi angeweza kuwa. Ila Juni 25, 2024, nje ya Bunge jijini Nairobi, hakuna aliyekataa kwa niaba ya wote. Risasi zilifyatuliwa. Mswada uliondolewa kesho yake, lakini makumi ya vijana walikufa katika wiki za maandamano hayo, na miezi iliyofuata ilikuwa ya utekaji nyara. Wazazi walitembea na picha za watoto wao kutoka kituo cha polisi hadi hospitali, kutoka hospitali hadi mochari. Katika vitabu nilivyovitaja, mzazi wa aina hiyo nimemtafuta nisimwone. Hashima ndiye anayemkaribia, akimsubiri binti ambaye kila akitoka huenda asirudi, lakini Hashima amepewa nafasi finyu jukwaani.

Si kwamba watunzi wetu hawakuijua jela. Alamin Mazrui alimweka mwanamke, Lanina, mbele ya wafanyakazi katika Kilio cha Haki (1981), miaka 35 kabla ya Tunu, na mwaka uliofuata yeye mwenyewe akawekwa kizuizini. Katama Mkangi alizuiliwa mwaka 1986, kisha akatupa Walenisi mwaka 1995. Ng'ambo ya mpaka, Adam Shafi aliyefungwa Zanzibar baada ya mauaji ya Karume mwaka 1972 aliandika Haini (2003), na humo mateso ya mfungwa Hamza hayasimuliwi peke yake. Tunatolewa nje ya kuta tukaione nyumba aliyoiacha na mkewe anayehangaika huku kila mwenye cheo akimpa ahadi. Shafi hana haraka na mwanamke huyo. Anamwacha asubiri, na msomaji asubiri naye.

Haini haina maandamano ya ushindi, na huenda ndiyo sababu haitamkwi sana tunapozungumzia fasihi ya ukombozi madarasani. Mwalimu anayefundisha Kigogo angefanya vyema kuwasomea wanafunzi sehemu za Haini kabla ya kuwauliza sifa za Ashua, kisha aone kama bado watamwandika kuwa hana msimamo.