Keki ya Kiondo Tala: Siri Yote Iko Kwenye Baridi!

Jamani, jamani, jamani! Natoka Tala, huku Machakos, sasa hivi, vidole vinanukia siagi na embe, na sitatulia mpaka nikusimulie. Nimegusa keki ya kiondo! Kiondo chenyewe, tumbo mviringo, mistari myekundu na ya kahawia, mishipi mirefu, cha sherehe ya ntheo (mahari ya Wakamba), na chote kinalika, mishipi pia. Na bado!

Usidhani kuna sufuria ya umbo la kiondo. Hakuna! Ni keki za duara za kawaida, nzito nzito, zenye siagi ya kutosha, zikapoa kabisa, zikafungwa nailoni zikabanwa vizuri, zikalala kwenye friza usiku kucha. Siagi ikipata baridi inaganda, inashika kila chembe mahali pake, na ile keki inayomeguka ovyo sasa inatulia, inakaza, inakubali kisu. Nimeibonyeza kwa kidole: imara, baridi, nyororo juu, na harufu ya vanila inakupanda puani hapo hapo!

Halafu kujaza, weee! Kila keki inapasuliwa ubavuni, krimu inazungushwa ukingoni iwe ukuta, na ndani ya ukuta huo inamwagwa jemu nzito ya maembe ya hapa hapa Ukambani, iliyopikwa na ndimu. Bila ukuta, jemu ingechuruzika pembeni ikaharibu kila kitu. Tabaka juu ya tabaka, kisha yote yanarudi kwenye friji yashikane. Na bado, na bado!

Sasa kuchonga, rafiki yangu, hapo ndipo nilipokosa pumzi. Keki inaachwa nje kidogo, isiwe jiwe likapasuka, isiwe laini ikaporomoka. Kisu kirefu cha mkate, chenye meno, kinakwenda taratibu kutoka juu kushuka, vipande vyembamba vyembamba vinadondoka. Kata, zungusha, rudi nyuma utazame, kata tena. Tumbo la kiondo linajitokeza mbele ya macho yako! Na hayo mabaki hayatupwi: yanapondwa na krimu kidogo, yanaziba kila shimo. (Mengine tuliyala, matamu ajabu!)

Na ni nani wa kushangaa haya kufanyika Machakos? Hii ni kaunti ya Wamunyu, kwao Mutisya Munge, aliyerudi na ufundi wa kuchonga mbao baada ya Vita Kuu ya Kwanza, vinyago vya Wakamba vikaenea duniani. Mkono wa kuchonga uko hapa tangu zamani!

Mwisho, krimu nyembamba ya kunasa makombo, baridi tena, halafu ususi wa krimu: mstari mmoja wa wima, vipande vifupi vikiuruka kwa zamu, mstari mwingine, vipande vingine, mpaka unaona mkonge kabisa. Nilipitisha kidole karibu karibu, nikaogopa kugusa, nikagusa! Baridi, laini, tamu, yaani…

Wewe pia, tafadhali, jaribu! Anza na umbo rahisi la mviringo, tikiti maji au kibuyu. Oka leo, funga, gandisha, kesho shika kisu. Usiogope hata kidogo: baridi inakushikia keki, wewe chonga tu!