Alacahöyük: Maji ya Mfalme Bado Yanaingia Mashambani

Kama mna mpango wa kwenda Uturuki na ratiba yenu ni Istanbul, misikiti, masoko na boti za Bosphorus, ongezeni siku. Ongezeni sasa hivi, kabla hamjakata tiketi! Nendeni bara, mkoa wa Çorum, mashariki ya Ankara, mpaka kwenye kijiji kiitwacho Alacahöyük. Ndiyo kwanza nimerudi kutoka huko, na kila ninayekutana naye lazima asikie habari zake.

Wengi wetu jina la Wahiti tulilipata kwenye Biblia: Efroni Mhiti aliyemuuzia Ibrahimu pango la Makpela, na Uria Mhiti, askari wa Daudi. Basi hapa ndipo lilipokuwa jabali lenyewe, dola iliyotawala nyanda hizi za Anatolia kuanzia karne ya 17 hadi ya 12 KK na kusimama uso kwa uso na Misri ya akina Ramesses. Mji wao mkuu, Hattusa, uko kilomita 35 hivi kutoka hapa, na mabasi ya watalii hukimbilia huko moja kwa moja. Hattusa ni ya ajabu, nitaifikia. Lakini nasema kwa moyo wote: anzieni kijijini.

Mnapita nyumba za watu, trekta limeegeshwa, kuku wanaparuaparua vumbini, halafu hatua chache mbele mnakutana na lango la mji wa kale. Kila upande wa mlango kuna jiwe moja kubwa linalomzidi mtu kimo, na kutoka ndani ya jiwe hilo anachomoza sfinksi, kifua mbele, miguu imekazwa, uso wa mwanamke umetazama nje kwa wageni. Nywele zake zimeshuka pande zote mbili za shingo na kujikunja nchani, mtindo unaoonyesha kabisa kwamba wachongaji hawa waliijua sanaa ya Misri. Sogeeni, msipite haraka! Upande wa ndani wa mlango, kwenye jiwe hilohilo, kuna tai mwenye vichwa viwili, na kila mguu wake umekamata sungura. Nilichuchumaa pale hadi magoti yakauma, kwa sababu mwanga wa jioni ukilala kwenye jiwe hata vidole vya yule tai unavihesabu.

Halafu kuna michoro ya ukutani. Mfalme na malkia wamesimama mbele ya madhabahu wakimwabudu fahali. Nyuma yao kondoo na mbuzi wanaongozwa kwenda kuchinjwa, mpiga ala ya nyuzi yuko kazini, na juu ya ngazi mwanasarakasi anapanda bila kushika popote. Ndiyo, sarakasi, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, katika sherehe ya dini! Michoro halisi imehifadhiwa Ankara na hapa zimewekwa nakala, ila wale sfinksi ni wenyewe, hawajaondoka mahali pao.

Ndani ya kilima cha mji huu wa kale kuna makaburi 13 ya watu wakubwa, na haya ni ya kabla ya Wahiti, ya milenia ya tatu KK. Mwaka 1935, Atatürk, mwasisi wa Uturuki ya sasa, akiwa hai na akiupa mradi msukumo, Waturuki wenyewe walianza kuchimba hapa kwa uongozi wa Remzi Oğuz Arık na Hamit Zübeyir Koşay. Walikuta marehemu wamezikwa na dhahabu, na juu ya dari za makaburi vichwa na miguu ya ng'ombe waliochinjwa kwa matanga. Walikuta pia zile sahani za shaba nyeusi zenye miale na paa waliosimama katikati, ambazo leo ni alama inayojulikana kote Uturuki.

Lakini kilichonipagawisha ni bwawa.

Linaitwa Gölpınar, na mnafika kwa miguu kutoka kijijini. Lilijengwa katika karne ya 13 KK, na maandishi yaliyopatikana pale yanalihusisha na mfalme Tudhaliya wa Nne na mungu wa kike Hepat. Dola ilikuwa inaelekea miaka ya njaa. Muda si mrefu baadaye Farao Merneptah alikuwa akipeleka nafaka kwa meli kuwaokoa watu wa Hatti, yaani nchi ya Wahiti. Mfalme hakukaa akisubiri mvua. Alikwenda penye chemchemi, akainua tuta la udongo na mawe, maji yakatulia. Karne nyingi zikapita, tope likalijaza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanaakiolojia walilizoa tope hilo, na maji yakapanda tena kutoka chini, kwenye chemchemi zilezile! Leo wakulima wanamwagilia kwayo. Mzee mmoja wa pale alinionyesha mfereji unakoelekea, akaeleza zamu za mashamba kama mtu anayeeleza bomba la kwake. Nilichovya mkono. Baridi kali.

Niambieni ni wapi pengine mtakula chakula kilichonyweshwa na kazi ya mfalme wa Kihiti. Chakula chenyewe ni cha shamba: chapati nyembamba inayosukumwa kwa mti mrefu na kuchomwa juu ya bamba la chuma, ndani jibini na majani, pembeni mtindi uliotiwa maji na chumvi. Dengu za kukaanga za Çorum zina sifa nchi nzima, nunueni za kutosha. Chai haikatiki, mkikataa gilasi ya pili, mama mwenye nyumba hasikii.

Hattusa ipeni siku nzima. Kuta zilizozunguka mji zinazidi kilomita 6, na pale Yerkapı kuna njia ya chini ya boma yenye urefu wa mita 70 hivi, ya mawe yaliyoegemezwa hadi yakakutana juu, nanyi mnapita mmesimama wima. Katika mji huu ndipo, mwaka 1906, lilipopatikana bamba la udongo la mkataba wa amani kati ya mfalme wa Wahiti Hattusili wa Tatu na Ramesses wa Pili. Jirani yake, Yazılıkaya, miungu imechongwa kwa msafara kwenye miamba iliyo wazi. Na katika makumbusho madogo ya Boğazkale, hapo jirani, yupo sfinksi wa Hattusa aliyekaa Berlin tangu zama za Vita vya Kwanza vya Dunia hadi aliporudishwa mwaka 2011. Kumwona yuko nyumbani kwao ni raha tupu.

Usafiri wa umma ni haba, kwa hiyo kodini gari au teksi kutoka miji ya Sungurlu au Alaca. Kivuli ni kidogo, upepo ni mwingi, na baridi ya huko ni ya theluji. Mwezi wa tano na wa sita ngano bado ni kijani na jua halijachachamaa. Kutoka Dar es Salaam, Zanzibar au Nairobi kuna ndege za moja kwa moja hadi Istanbul, na Ankara mnaunganisha.

Makumbusho ya Ustaarabu wa Anatolia ya Ankara yawekeni mwisho kabisa. Dhahabu na zile sahani za miale ziko humo, na mkishaliona kaburi zilikotoka hamtazipita kwa haraka kama wale wanaoanza na vioo.