2028: mbele ya kuuliza nani, tuulize wapi

Wandugu, siku hizi ukifungua simu tu unakuta listi. «Nani atasimama 2028?» Mmoja anaweka Katumbi juu kabisa, mwingine Fayulu, mwingine anamrudisha Dokta Mukwege, mwingine anaandika Kabila na alama ya kuuliza pembeni. Watu wanabonyeza, wanatukanana kidogo, kisha wanalala. Masolo ni matamu, hakuna anayekataa. Lakini kwa mtu wa Butembo ao wa Beni, zile listi ziko na kasoro moja kubwa: zinaanzia mwisho.

Juu ya nini? Juu kubashiri jina la mpinzani ni mchezo wa mtu mwenye hakika kwamba siku ya kura, kura itafika kwake. Sisi hatuna hiyo hakika. Tuliisha kuonyeshwa.

Turudi 2018. Tarehe 11 Novemba, wakubwa saba wa upinzani walikutana Genève, wakamchagua Martin Fayulu awe kandida wao. Kesho yake, Félix Tshisekedi na Vital Kamerhe wakaondoa saini zao, na tarehe 23 wakafanya mapatano yao wawili kule Nairobi. Mwanzo wa Desemba Fayulu akafika huku kwetu kwa kampeni, watu wakajaa barabarani. Antipas Mbusa Nyamwisi, mtoto wa huku, naye alikuwa upande wa Lamuka. Kwa hiyo jina tulikuwa nalo. Hatukukosa jina hata siku moja.

Tarehe 26 Desemba, siku nne mbele ya kura, CENI ikatangaza kwamba Beni, Butembo na Yumbi watachagua Machi 2019. Kwetu sababu ikawa Ebola na usalama. Lakini rais aliapa tarehe 24 Januari! Kura yetu ilipofika, tarehe 31 Machi, ilikuwa ya wadepite tu. Ya rais ilikuwa imeisha kuliwa.

Sasa tufanye hesabu, maana sisi tunajiita wasomi. Kwa matokeo ya CENI, Tshisekedi alipata 7,051,013, Fayulu 6,366,732. Tofauti haifiki 685,000. Wapiga kura waliofungiwa Beni, Butembo na Yumbi walipita milioni moja. Hapo simaanishi kwamba wote wangemchagua mtu mmoja. Hiyo hakuna anayeweza kuisema. Tena hata zile namba zenyewe zilipingwa: maaskofu wa CENCO, wenye walikuwa na waangalizi 40,000, walisema hazilingani na zile walizokusanya wao. Ninasema kitu kimoja tu: walionyimwa kura walikuwa wengi kuliko tofauti kati ya wa kwanza na wa pili. Mbele ya hesabu hiyo, kubishana juu ya jina nzuri kunasaidia nini?

Na bei yake tuliilipa. Masoko yalikuwa wazi, makanisa yalijaa kila Siku ya Mungu, mitingi za kampeni zilifanyika. Watu wakajiuliza kama Ebola inaambukiza siku ya kura peke yake. Tarehe 27 Desemba, waandamanaji wa Beni wakavamia kituo cha Ebola, wagonjwa wakakimbia. Tarehe 30, wengine wakapanga mistari, wakanawa mikono, wakapiga kura yao ya mfano, yenye hakuna mtu Kinshasa aliihesabu. Ukimnyima mtu kura kwa jina la ugonjwa, usishangae kesho akikataa kuamini ugonjwa.

Njo maana ninasema mbele ya jina kuna mambo matatu.

La kwanza ni sheria ya mchezo. 2006, Joseph Kabila alipata 44.81 % akalazimika kurudi duru ya pili na Jean-Pierre Bemba. Januari 2011 Katiba ikaguswa, duru ya pili ikafutwa. Mwaka uleule akashinda na 48.95 %. 2018 mshindi alitangazwa na 38.57 %. Kwa mchezo wa namna hii, kila kandida mpya anayejitokeza kwa upinzani anapunguza mkate wa mwenzake. Lakini nani kati ya wale wa listi amewahi kuja kwetu na programu ya kurudisha duru ya pili? Na kuna ile article 220, yenye inakataza kugusa hesabu na urefu wa mihula ya rais. Tangu Tshisekedi alipozungumza juu ya Katiba kule Kisangani, Oktoba 2024, mjadala haujalala. Unamtafuta mpinzani, je, unajua atapingana na nani?

La pili ni tribunali. Mei 2025 Matata Ponyo alihukumiwa miaka 10 ya kazi ngumu. Tarehe 30 Septemba mwaka uleule, korti kuu ya kijeshi ikamhukumu Kabila kifo, bila yeye kuwepo. Katumbi naye ameisha kutishiwa na ile inaitwa «sheria Tshiani», ya kudai baba na mama wote wawe Wakongomani. Sisemi nani ana haki na nani hana. Ninasema listi yako ya Facebook hakimu anaweza kuikata nusu asubuhi moja. Kule Marekani, anayetaka kumkabili rais anapimwa kwanza na wapiga kura wa chama chake, jimbo kwa jimbo. Huku kwetu anapimwa hotelini Genève, kisha kwa hakimu. Mpiga kura anafika wa mwisho, kama anafika.

La tatu ni pahali, na hili ni letu kabisa. Desemba 2023 sisi tulipiga kura; Masisi na Rutshuru hawakupiga. Nani hapa alifunga duka, akafanya ville morte juu yao? Tangu Januari 2025 Goma iko mikononi mwa M23, Bukavu ikafuata Februari, serikali ya jimbo ikahamia Beni. Huyu mkimbizi wa Goma mwenye analala kwa shemeji yake Butembo, karti yake itafanya kazi wapi? Na wa vijiji vya Beni na Lubero wenye ADF iliwafukuza mashambani? Hakuna listi hata moja niliyosoma yenye inagusa swali hili.

Mtu atasema: majina lazima yajulikane mapema, maana 2018 walichagua wiki saba tu mbele ya kura, na umoja ukavunjika kwa siku moja. Ni kweli kabisa. Lakini jina la mapema bila masharti ni cheki bila saini. 2023 tuliona: wengine walijitoa kwa Katumbi, Fayulu na Mukwege wakabaki, na CENI ikampa Tshisekedi zaidi ya 73 %, Katumbi 18 na Fayulu 5. Kwa namba hizo hata kuunganisha wote hakungetosha. Kwa hiyo tatizo halikuwa jina peke yake.

Basi, wenye kutaka kuandika listi, waandike. Lakini pembeni ya kila jina waweke majibu matatu. Duru ya pili, utairudisha? Article 220, utaigusa? Na CENI ikitoa Beni, Masisi ao Goma siku nne mbele ya kura, utaendelea na kampeni kama hakuna kitu? Tumuulize kila mmoja atakayekuja kutafuta sauti huku, mbele ya wanafunzi, tuandike anachojibu. Mwenye kukwepa, hata akijaza Boulevard Nyamwisi yote, tusimuite mpinzani. Ni msafiri tu, atapita.